Jinsi Tonto ya Baluku Ilivyokwenda Bwera

Kuku wa mama

Mama yangu alikuwa na kuku mmoja mweusi aliyekataa kutaga nyumbani. Tulimtengenezea kiota cha majani makavu ya mgomba, tukamwekea yai la zamani limtie hamu, tukamfungia ndani asubuhi nzima. Alikaa humo akitutazama kwa jicho moja kama karani wa kodi. Ukifungua mlango tu, anavuka ua, anaingia kwa jirani, na punde unasikia kelele zake za kujisifu. Jirani alikuwa mtu wa heshima. Alikula mayai kwa heshima na akanyamaza.

Mama hakutaka ugomvi. Alinituma mimi, wakati huo ndevu zangu unaweza kuzihesabu. Akasema, "Nenda ukasalimie. Usitaje mayai. Salimia tu, ukae mpaka waone haya." Nikaenda, nikasalimia, nikakaa. Hawakuona haya. Kesho yake nikaenda tena. Nyumba ile niliisalimia msimu mzima wa mvua, na yai hata moja sikurudi nalo. Nilirudi na binti yao. Kuku alikufa, mama akafa, jirani naye Mungu amrehemu, lakini yule binti yuko hapa ndani ninapoandika. Ameniuliza mara mbili kama kuku amekwisha, ili nifike kwa kaka yake.

Haya, kuku amekwisha. Kaka yake ndiye Baluku.

Nyinyi mnaokaa kwenye mabenchi yangu hapa karibu na stesheni ya Kasese mmeniuliza sana. Mliniona nikiondoka na Baluku na vibuyu viwili vya tonto, mkaniona nikirudi na kibuyu kimoja kitupu, peke yangu. Mvua mbili zimenyesha tangu siku hiyo na bado mnauliza. Kila nikisimulia, mmoja ananikatiza anaomba kikombe, nikirudi nimesahau nilipofika. Kwa hiyo naandika. Karatasi haiombi kikombe.

Kwa wasiojua: tonto ni divai yetu ya ndizi. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakongomani, wanaiita kasiksi. Ndizi zinavundikwa shimoni mpaka ziive, zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, na mwanamume anazikanyaga kwa miguu mpaka zitoe maji yake. Unachuja, unatia mtama uliokaangwa, unafunika, unasubiri. Kikombe chake ni rahisi kuliko sigara mbili. Si kinywaji cha mabwana. Ni cha mtu aliyetoka mgodini au shambani na ana kiu.

Baluku ndiye aliyenikanyagia kwa miaka kumi. Mimi siwezi, goti langu la kulia lilikataa kazi hiyo zamani. Alikuwa na sheria moja: maji ni wizi. Tone moja la maji ndani ya tonto, na wewe ni mwizi kama anayekata mkia wa ng'ombe wa mwenzake. Aliwafundisha wateja wangu wote kuinamisha kikombe kwenye mwanga na kutazama kama imepauka. Mliokuwepo mnakumbuka. Hapa Kasese kumtukana muuza tonto si lazima umtaje mama yake. Sema tu, "Huyo hutia maji."

Basi siku moja mke wa askari mmoja wa kambini, mama wa Kiacholi mwenye mdomo mwepesi, alirudi kutoka Bwera. Akakaa kwenye benchi, akanywa kikombe chetu, akakipongeza, kisha akasema kwamba kule Bwera kuna Mama Kabugho, anauza tonto kwa nusu ya bei yetu, na watu wanakaa kwake kuanzia mchana mpaka jua linazama, hawapigani wala hawalali. Akasema, "Hata wabeba mizigo wa mpakani wanakunywa, halafu wanarudi kubeba."

Baluku alikuwa anaosha vibuyu. Akaviacha.

"Yeye anatia nini?" akauliza.

"Sijui, kaka yangu. Mimi nilikuwa nakunywa, si kuuliza."

Watu wakacheka. Kwa wiki nzima wakawa wanamchokoza: Baluku, ya Bwera iko namna gani? Baluku, Kabugho amekupita. Mwisho akasimama mbele yao wote akasema, "Nitaipeleka yangu, niiweke kando ya yake. Watu wakiacha yangu wakanywa ya huyo mama, miguu hii haitakanyaga ndizi tena."

Wote walicheka isipokuwa mke wangu. Yeye anamjua. Baluku aliwahi kuapa kwa utani kwamba hatakula mbuzi, na mwaka huo ulikuwa wa kumi na moja, hata mchuzi hagusi. Mke wangu alinivuta pembeni akasema, "Nenda naye. Akishindwa, wewe umekwisha, na mimi sina kaka." Hivyo ndivyo nilivyoingia safarini.

Kasese, na wagonjwa wawili wa Haji

Kutoka Kasese mpaka Bwera si mbali. Mtu mwenye gari lake anafika kabla chai haijapoa. Sisi tulichukua siku tatu.

Lori tulilopata lilikuwa la Haji mmoja mfanyabiashara, mtu mnene, mpole, mwenye kanzu safi hata akiwa chini ya injini. Nilimuuliza, "Haji, unakwenda Bwera?"

"Naenda."

"Tunaomba kupanda, mimi na shemeji yangu."

"Nyinyi karibuni. Lakini hivyo vibuyu iko na nini?"

Baluku hajui kusema uongo, ni ugonjwa kwake. Akajibu, "Tonto."

Haji akaziba masikio kwa mikono miwili, akatazama mlima kama anasoma kitu kule juu. Kisha akaishusha mikono taratibu.

"Mimi sikuuliza kitu bado," akasema. "Sasa ndiyo nauliza. Na wewe mwenye goti, jibu wewe. Fikiri kwanza. Hivyo vibuyu iko na nini?"

Nikafikiri. "Ni wagonjwa, Haji."

"Eeh. Mgonjwa nabeba. Dini inataka tubebe mgonjwa. Wapandishe nyuma, wapate hewa, wasilale kifudifudi."

Tukawafunga wagonjwa kwa kamba kando ya magurudumu ya akiba, tukawaziba kwa majani ya mgomba, si kwa kukaza, maana tonto inapumua. Siku hiyo ilikuwa ya pili tangu iwe tayari. Baluku alikuwa na kalenda yake: siku ya kwanza tamu, ya pili inajaribu, ya tatu nzuri, ya nne bora kabisa, ya tano bado inanyweka, ya sita siki. Alipanga tufike siku ya pili jioni, vibuyu vipumzike, na siku ya tatu awaaibishe watu wa Bwera.

Tulipofika mbele kidogo ya mji, Haji alisimamisha lori ili kutazama gurudumu. Alipopita karibu na vibuyu pua yake ikasimama. Hakugusa kitu. Akavuta hewa mara mbili akiwa amefumba macho.

"Mgonjwa wa kushoto anaendelea vizuri," akasema. "Huyu wa kulia ana homa kidogo, amewekewa mtama mwingi."

Baluku akaduwaa. Ilikuwa kweli. Kibuyu cha kulia alikitia mtama konzi mbili zaidi.

"Haji, umejuaje? Wewe hunywi."

"Mdomo ndiyo uliokatazwa," Haji akasema, akapanda ndani. "Pua hakuna mtu aliyeiambia kitu."

Katunguru, tusikokuwa tunakwenda

Kwenye njia panda ya Kikorongo, barabara ya Bwera inakata kulia. Haji hakukata. Alinyoosha.

Niligonga paa la lori. "Haji, Bwera ni kulia!"

"Najua Bwera ilipo."

"Ulisema unakwenda!"

"Naenda. Hukuniuliza napitia wapi."

Alikuwa anakwenda Katunguru kwanza, kule darajani kwenye mfereji wa Kazinga, kuchukua samaki wakavu wa kupeleka mpakani. Sawa, tukasema, samaki wanapakiwa mara moja. Tukafika tukakuta samaki wamelala juu ya chanja na wingu limelala juu ya samaki. Mvua ilikuwa imewanyeshea asubuhi. Mwenye samaki akawabonyeza kwa kidole, akasema, "Kesho." Kesho yake akawabonyeza tena, akasema, "Jioni." Jioni akasema, "Kesho." Mimi namheshimu mtu wa namna hiyo, hasemi maneno mengi, lakini Baluku alikuwa anahesabu siku za tonto kwa vidole na vidole vilikuwa vinamwishia.

Nitawaambia ukweli, mimi sikuumia sana. Katunguru wanachoma samaki aitwaye ngege kwa namna ambayo mke wangu hataki niielezee. Wanampasua mgongoni, wanamsugua chumvi ya Katwe, ile chafu ya kijivu ambayo ndiyo tamu, wanamweka juu ya makaa mpaka ngozi ipige kelele. Unakula kwa mikono, na ukimaliza midomo inawaka. Nilikula wa kwanza, nikamtazama Baluku. Nikatazama kibuyu.

"Hapana," akasema.

"Kikombe kimoja tu, shemeji. Koo langu limekuwa barabara."

"Tonto yangu haichanganywi na chakula. Unakula, unanawa, unapumzika, halafu unakunywa. Inakaa peke yake kama mfalme."

Mvuvi aliyekuwa amekaa nasi, mzee asiye na meno ya mbele, akamwuliza, "Kwa hiyo mtu akiwa na kiu wakati anakula, huyo mfalme wako anamsaidia nini?"

"Asubiri."

"Haya. Mfalme akae." Mzee akachota maji kwa kopo, akanywa, akanipa mimi. "Sisi watu wa samaki tunakunywa na nani? Na viboko."

Jioni hiyo Haji alipita na pua yake. Mgonjwa wa kushoto, akasema, amefika katika nguvu zake. Wa kulia ana hasira lakini si mbaya. Baluku akamshukuru kama anamshukuru daktari wa kweli, akalala amekumbatia vibuyu vyote viwili.

Kizuizini, ambako mgonjwa alisema

Siku ya nne, siku ile bora, samaki wakakubali kukauka. Tukapakia, tukarudi Kikorongo, tukakata kwenye barabara ya Bwera. Jua lilikuwa kali, na lori lilikuwa linaruka mashimo kama ndama. Mimi nikaona povu linaanza kutoka pembeni ya jani la kibuyu cha kulia. Kwa woga wa kulimwaga nikalikaza lile jani. Tena nikafunga kamba juu yake. Baluku alikuwa amesinzia, hakuona. Nakiri hapa kwa mara ya kwanza.

Mbele kulikuwa na gogo limelala barabarani, na wanajeshi wanne, na mmoja wao sajini amekaa kwenye kiti.

"Simama! Zima gari! Shuka, wote! Mikono tuone!"

Tukashuka. Kimya kikawa kikubwa, lori limezimwa, na katika kimya hicho kibuyu kikaanza kusema. Kwanza kilinong'ona. Halafu kikapiga mluzi mdogo.

"Nani iko huko nyuma?" sajini akauliza.

"Mgonjwa, afande," Haji akasema, kwa sababu alikuwa amezoea.

"Mgonjwa gani? Mwambie ashuke."

"Hawezi kushuka, afande."

"Kwa nini anapiga mluzi?"

Haji akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vya sajini. Sajini akapanda gurudumu, akachungulia, akaona samaki, akaona magurudumu, mtu hakumwona. "Iko wapi mgonjwa?" akasema, na hapo ndipo kamba yangu ilipokatika. Jani liliruka, kibuyu kikapiga mlio kama bunduki ya kizamani, na povu likampiga sajini kifuani. Wanajeshi watatu wakalala chini. Mimi nililala pia, juu ya mmoja wao, na hakunikemea.

Sajini alibaki amesimama juu ya gurudumu. Akajitazama. Hakukuwa na damu. Akapitisha kidole kwenye shati, akalamba.

"Hii ni pombe," akasema.

"Mimi sikuambiwa," Haji akasema.

Sajini alikuwa mtu wa Teso. Huko kwao watu wanazunguka chungu kimoja kila mtu na mrija wake, wanakaa mpaka maneno yaishe. Alikuwa na mwaka hajakaa hivyo. Akaagiza kikombe. Hakuna aliyethubutu kusema habari za mfalme na kukaa peke yake. Baluku mwenyewe ndiye aliyemmiminia, kutoka kile kibuyu kilichopasuka mdomo.

Kikombe cha kwanza sajini akasema, "Nzuri. Iko kali. Inapiga." Kikombe cha pili akatuambia jina la mama yake na idadi ya ng'ombe walioibiwa. Akafungua mdomo kutuambia nani aliyewaiba, na hatukujua, maana alilala hapo hapo kwenye kiti, kofia gotini. Wenzake wakamalizia kibuyu. Mmoja akanyanyua gogo akituambia kwa sauti ya chini, "Piteni, piteni. Afande anafikiri."

Lorini Baluku hakujali kibuyu kilichokwisha. Alikuwa anang'aa. "Vikombe viwili, shemeji," aliniambia. "Umeona? Askari mkubwa vile. Viwili tu."

Bwera, kula kwanza

Kwa Mama Kabugho tulielekezwa na watu watatu kabla hatujauliza. Ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, kati ya kahawa na migomba. Tulifika jua limepita utosini. Ni mama mdogo wa umbo, wa umri wa kuitwa mama na mtu yeyote. Vyungu vyake amevizika nusu kwenye mchanga uliomwagiwa maji.

Baluku aliweka kibuyu chini akasema yote mara moja: yeye ni nani, ametoka wapi, amesikia nini, ameapa nini. Mama akamsikiliza mpaka mwisho huku anapanga sahani.

"Wasibire," akamwamkia. "Mmekula?"

"Hatukuja kula, mama."

"Hapa mtu hanywi na njaa. Kaeni."

Akatuletea bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, na ngege wa chumvi aliyechemshwa na majani ya muhogo. Baluku alikula kwa hasira. Tulipokuwa tunaanza kutafuta maji kwa macho, kila mmoja akawekewa kikombe kando ya sahani.

Ilikuwa nyepesi. Rangi yake kama majani makavu yaliyolowa. Ilikuwa baridi kwa sababu ya ule mchanga, ina harufu ya ndizi iliyomenywa asubuhi hiyo hiyo, na mwishoni ikang'ata ulimi kidogo, kama ndimu iliyokatwa chumba cha pili. Baluku alionja, akanitazama kwa huruma. Si huruma kwangu, kwa mama wa watu.

"Ya watoto," akaninong'oneza. Akarudi kwenye samaki. Akala tonge, akanywa. Tonge, akanywa.

Walikuwepo watu kama kumi. Nitawataja wawili tu: karani mmoja wa kupitisha mizigo forodhani, mwenye wino vidoleni, na Mkongomani mmoja aitwaye Kambale, mbeba magunia pale Mpondwe, shingo pana kama shina. Walikuwa wanabishana kama mbuzi anaweza kumtambua mwenye kumnunua. Mama Kabugho akawakatiza.

"Kuna mgeni ametoka Kasese na yake. Kila mtu atapewa kikombe kimoja, bure. Mseme kweli."

Akamimina mwenyewe, kwa mkono wa haki, sawasawa. Wakanywa. Mimi nilikuwa naomba Mungu, naona mbele yangu mabenchi matupu na mke wangu amenyamaza.

Kambale ndiye aliyesema kwanza. "Papa, hii ya kwako iko na nguvu. Hii iko ya ndoa. Mutu mukubwa akikufa, ni hii batu banakunywa."

"Hii ningeiweka ya Krismasi," karani akasema, akatazama ndani ya kikombe kwa heshima.

Wote wakasifu. Hakuna aliyesema uongo, tonto ile ilikuwa katika siku yake bora, hata mimi sijawahi kuinywa nzuri vile. Baluku alikuwa ameinua kidevu. Akashika kibuyu kwa mikono miwili tayari kumimina cha pili, akasubiri nani aombe.

Akasubiri.

Mabishano ya mbuzi yakarudi. Kambale akafuta kikombe chake kwa kiganja, akakinyoosha, akampita Baluku. "Mama, niwekee ile ya siku zote."

"Na hii?" Baluku akamwuliza.

"Iko muzuri sana, papa. Nimesema. Lakini lori iko inaningoja na magunia makumi nne. Nikikunywa tena ya kwako, gunia ndiyo itanibeba."

Wakacheka, si vibaya. Karani naye akanyoosha chake kwa mama. "Na mimi nina muhuri wa kupiga mpaka saa kumi na moja. Nikiendelea na Krismasi nitajipiga kwenye paji la uso."

Sasa nisikilizeni vizuri. Tulikaa pale muda mrefu. Yule mbuzi alizaa maneno mengine, yakazaa mengine, wakaingia kwenye habari ya daraja na ya mwanamke aliyeolewa na ndugu wawili kwa zamu. Kambale akaenda akabeba, akarudi akitoka jasho, akala kipande cha samaki, akanywa, akaendelea na neno pale pale alipoliacha. Hakuna aliyelala wala kumshika mwenzake shingo. Nikakumbuka mabenchi yangu, ambako baada ya kikombe cha pili mtu ama anataja mama yake ama analia. Mimi nilikuwa nimedhani watu wanakuja kulewa. Wengi wao wanakuja kuongea, na midomo inakauka.

Nikageuka kumwambia Baluku hilo. Nikamkuta amenyoosha kikombe kwa Mama Kabugho. Mkono umenyooka wenyewe, macho yako kwa karani, anasikiliza habari ya wale ndugu wawili. Kilikuwa kikombe chake cha nne. Kibuyu chake mwenyewe kilikuwa kati ya miguu yake, kimejaa nusu.

Mama aliona kwamba nimeona. Akamimina.

Baluku alikunywa nusu, kisha akaacha kunywa. Akatazama kikombe, akatazama kibuyu. Akainamisha kikombe kwenye mwanga, vile alivyowafundisha watu wa Kasese.

"Mama, umetia nini humu?"

"Ndizi."

"Na nini?"

"Mtama kidogo."

"Na nini tena?"

"Maji," akasema, kama unavyosema chumvi.

"Kiasi gani?"

"Mpaka ikome kupigana. Ndizi zikiiva sana zinataka vita. Natia maji mpaka zikubali kukaa na watu. Ndiyo maana naiuza rahisi, na ndiyo maana nakamua kila siku. Hii ya leo, kesho haifai."

Mama akamwonea Baluku huruma, na huruma ndiyo iliyommaliza. "Yako ni nzuri kuliko yangu, mwanangu. Siwezi kutengeneza kama hiyo. Nikiozesha binti nitakutafuta."

"Una binti wangapi, mama?"

"Sita. Wote wameolewa."

Nyinyi mnaokaa kwangu siku hizi mpaka jua linazama, bila kupigana, mkila samaki wa chumvi niliowawekea, sasa mnajua. Anayekanyaga ni kijana wa Nyakalengija mwenye miguu myepesi, na ninatia maji. Mkitaka kuniita mwizi, niiteni, lakini mwaka mzima hakuna aliyeinamisha kikombe.

Mpondwe

Tulilala kwa rafiki wa Haji. Asubuhi Haji alikuwa anateremsha samaki sokoni Mpondwe, nasi tukaenda naye, kwa kuwa ndilo lori letu la kurudi. Njia nzima nilimbembeleza Baluku.

"Shemeji, sisi Kasese maji tunayo. Yanatoka mlimani bure. Tutie nasi."

"Nitie maji?"

"Kidogo. Mpaka ikome kupigana."

"Miaka kumi nimewaambia watu wale maji ni wizi," akasema. "Wala si wao walioniambia, ni mimi niliyewafundisha. Leo nisimame mbele yao niseme nini?"

"Sema umejifunza."

"Wewe utasema. Wewe maneno hayakusumbui."

Hilo ni kweli.

Kuna jambo nimesahau kuwaambia. Mtu huyu hakuwahi kuvaa viatu. Mkanyaga ndizi havai, miguu inabaki wazi, inaoshwa, inatunzwa kama mikono ya mshonaji. Pale sokoni, katikati ya vitenge na masufuria, alisimama kwa muuza viatu, akachagua raba nyeupe, akalipa bila kubishana bei, jambo ambalo liliniogopesha kuliko kiapo. Akashuka mtoni kando ya daraja la kuvukia kwa Wakongomani, akakaa juu ya jiwe, akaosha miguu yake taratibu, kidole kwa kidole, akaikausha kwa shati, akavaa.

Akasimama. Akatembea hatua tano kama mbuzi juu ya mabati.

"Zinabana?" nikamwuliza.

"Zitazoea."

"Nani atazoea, viatu au miguu?"

"Mmoja wao."

Akanipa kibuyu. Tonto iliyobaki ndani alikuwa ameigawa kwa wabeba mizigo, na walikuwa wanaisifu. Akasema, "Msalimie dada." Nikadhani anakwenda kujaribu viatu mpaka katikati ya daraja, kama watu wanavyofanya. Akaingia kati ya wanawake wenye vikapu na wanaume wenye magunia vichwani. Askari wa forodha akamsimamisha.

"Wewe, unabeba nini?"

"Sibebi kitu."

Askari akampungia mkono apite. Alitembea vibaya mpaka katikati ya daraja, na kutoka hapo akaanza kutembea vizuri. Nilisimama pale na kibuyu mpaka Haji akapiga honi mara tatu. Baluku hakugeuka, na hajarudi.